Maswali na Majibu: Pua ya M3, Mgongo wa Panamera

Toleo lililopita tuliandika kwamba BMW M3 ya kizazi cha G80 ni saluni nzuri iliyopewa pua isiyo yake: ile grili ndefu ya mbele iliyogawanyika mara mbili, ambayo huitwa figo. Barua zilizokuja zimegawanyika: wapo waliotushukuru, wapo waliotukemea. Tumechagua zile zinazouliza jambo linaloweza kupimwa au kufanyiwa kazi, kwa sababu kusema "gari baya" bila kutaja sababu hakumsaidii anayetaka kununua wala aliyekwisha kununua.

Mhariri, salaam. Mnaisema grili ya M3 kana kwamba ni pambo tu. Injini ya nguvu zile inataka hewa nyingi, na hewa inaingilia mbele. Sasa mlitaka ipumulie wapi? — Mwenye G80 ya kijani

Ndugu msomaji, hoja yako ni ya haki lakini inafika nusu ya njia. Injini ya S58 ni lita 3.0, silinda sita kwa mstari mmoja, turbo mbili. Inatoa nguvu za farasi 480 kwenye M3 ya gia za mkono na, ilipotoka Competition, toleo lenye nguvu zaidi ya hiyo, ilitoa 510. Joto lake si la maji ya injini peke yake. Kuna mzunguko wa pili wa maji unaopoza hewa iliyosukumwa na turbo, kuna oili ya injini, na kwenye Competition kuna oili ya giaboksi. Vyote hivyo vinapozwa na hewa inayoingilia mbele, kwa hiyo matundu makubwa lazima yawepo. Hapo tunakubaliana.

Tunapotofautiana ni matundu hayo yawe wapi. Gari likiwa kwenye mwendo, shinikizo la hewa huwa kubwa zaidi katikati ya pua, kwenye usawa wa bampa, mahali hewa inapogonga na kusimama. Ukipanda kuelekea ukingo wa boneti, hewa inaanza kukimbia ili ipite juu ya gari, na shinikizo linashuka. Tundu la chini kwa hiyo linaingiza hewa vizuri kuliko tundu la ukubwa uleule lililo juu. Alfa Romeo Giulia Quadrifoglio ilitoka mwaka 2015 na V6 ya lita 2.9, turbo mbili, farasi 510, yaani sawasawa na M3 Competition. Ngao yake ya juu ni ndogo, na kazi kubwa inafanywa na midomo mipana iliyo chini ya bampa. Gari linapoa, na hakuna aliyeiita pua yake kituko.

Urefu wa zile figo mbili za M3, basi, ni uamuzi wa wachora magari. Joto liliwapa sababu ya kufungua uso. Halikuwalazimisha kuufungua kwenda juu. Ukitaka kuona kwa macho yako, egesha gari usiku, injini ikiwa imezimwa na imepoa, chukua tochi yenye mwanga mkali na umulike katikati ya mapau ya grili kuanzia chini kwenda juu. Mwanga ukigonga matundu madogo ya rejeta, hapo hewa inapita moja kwa moja. Ukigonga plastiki nyeusi, hapo pameachwa pa kutazamwa tu.

Watetezi wengine wametukumbusha kwamba figo ndefu ni asili ya BMW tangu modeli ya 303 ya mwaka 1933. Ni kweli zilikuwa ndefu. Lakini 303 ilikuwa na boneti nyembamba, rejeta iliyosimama wima, na taa za duara zilizokaa pembeni. Uso wote ulikuwa umesimama, na figo zilisimama nao. G80 ina upana wa milimita 1,903 na taa nyembamba zilizolala. Mistari yote ya uso ule inakwenda kushoto na kulia, halafu katikati vimesimamishwa vitu viwili virefu. Jicho linakosa pa kutulia. Ugomvi wetu na pua ile uko hapo, si kwenye ukubwa wa tundu.

Kwenye picha niliichukia M3. Nilipoisogelea nikaiona ya kawaida. Macho yangu yana nini? — Msomaji anayetaka kununua

Macho yako ni mazima. Tatizo ni lenzi. Kamera kuu ya simu nyingi ni ya pembe pana. Ukisimama mita moja na nusu mbele ya gari, pua iko karibu nawe na kioo cha mbele kiko mbali, kwa hiyo pua inavimba kwenye picha na mabega yanasinyaa nyuma yake. Rudi nyuma mita nane hadi kumi, tumia lenzi ya kuvuta mara mbili au tatu, na ushushe simu mpaka usawa wa taa. Piga picha tatu: mbele kabisa, robo ya mbele, na ubavu. Ukifanya hivyo kwa kila gari unalolinganisha, utakuwa unalinganisha magari na si umbali wa kamera. Picha nyingi zilizowasha moto mjadala huu zilipigwa kwa karibu mno, na tunakiri wazi kwamba G80 ikitazamwa kwa mbali inapungua ukali. Haiishi, lakini inapungua.

Nimeona bampa za mbele zisizo za kiwandani zenye figo ndogo. Fundi wangu anasema ni kufungua ya zamani na kufunga mpya. Nina wasiwasi. — Msomaji wa siku nyingi

Wasiwasi wako una msingi. Bampa la saluni ya aina hii si kifuniko tu. Nyuma yake kuna sponji la kumeza mgongano, sensa za kuegesha, radar ya krusi kwa magari yanayofuata mwendo wa lililo mbele, kipima joto la nje, na njia za plastiki zinazoelekeza hewa kwenye kila rejeta. Watu wengi huzitupa zile njia za plastiki, nao ndio hurudi na gari linalochemka.

Kabla ya kulipa, uliza bampa limetengenezwa kwa nini. Polipropilini ndiyo iliyo karibu na la kiwandani: inapinda na kurudi. Shida yake ni kwamba rangi haishiki bila dawa maalumu ya kushikisha rangi kwenye plastiki. Fundi akiiruka, baada ya miezi michache rangi inabanduka kama ganda. Faibaglasi ni nyepesi kuchonga na kutengeneza umbo lolote, lakini haipindi, na hupasuka kuanzia kwenye matundu ya skrubu. Ukiichagua, weka washa (pete bapa ya skrubu) iliyo pana kila penye skrubu na usikaze kwa nguvu za mkono wote.

Mpangilio wa kazi ni huu. Lifunge bampa jipya likiwa halijapakwa rangi, ukaze nusu, kisha pima mwanya kati ya bampa na fenda kila upande, na kati ya bampa na boneti. Pima pia mianya ya bampa la zamani kabla hujalifungua, uandike namba hizo. Ndizo zako za kulinganisha. Tofauti ya milimita moja inarekebishika kwa kusogeza vishikio. Ikifika milimita tatu upande mmoja, lirudishe. Usimruhusu fundi achonge fenda ili bampa likae.

Likikaa vizuri, lifungue tena na uhamishe kila kitu: sponji, sensa, waya, kifuniko cha tundu la ndoano ya kuvutia gari, na njia zote za hewa. Hapa tumia muda. Kati ya mdomo wa bampa na uso wa rejeta kusiwe na nafasi ya hewa kutorokea pembeni, kwa kuwa hewa hufuata njia rahisi, na kupita kando ya rejeta ni rahisi kuliko kupenya ndani yake. Mahali njia ya zamani haifiki, jaza kwa sponji zito la mpira lisilonyonya maji, au kata bamba la plastiki na ulifunge kwa riveti za plastiki.

Njia zikiachwa wazi, dalili ya kwanza huja gari likiwa limesimama. Hewa ya moto iliyokwisha kupita kwenye feni inazunguka na kurudi mbele ya rejeta, na kiyoyozi kinaanza kutoa hewa ya uvuguvugu ukiwa kwenye foleni. Mlimani, joto la maji linapanda na linachelewa kushuka. Kwa hiyo chomeka kisomeo kwenye soketi ya OBD, ile ya kusomea kompyuta ya gari, kabla ya kubadili bampa, endesha njia moja unayoijua, na uandike joto la maji na la hewa inayoingia kwenye injini. Rudia njia ileile na bampa jipya, hali ya hewa ikiwa inafanana. Usishtuke ukiona maji yako yamevuka nyuzi 100. Mifumo hii ina shinikizo na imepangwa hivyo. Kinachokuhusu ni tofauti ya kabla na baada.

Mwisho, radar. Ikishafunguliwa na kufungwa tena inahitaji kupimwa upya mwelekeo wake kwa vifaa vya kazi hiyo, hata kama imerudi kwenye kishikio kilekile. Kosa dogo la pembe kwenye bampa huwa kosa kubwa mita mia mbele. Fundi asiyekuwa na vifaa hivyo asiifungue. Kama gharama ya kazi yote hii inakukaribia bei ya kubadili gari, badili gari. Tunasema kwa moyo mmoja: M3 iliyofungwa bampa la kubahatisha ni mbaya zaidi kuliko M3 yenye figo zake.

Je, naweza kuipunguza ile pua bila kugusa bampa? — Dada mwenye M3 nyeupe

Unaweza, dada, na umeshataja tatizo lako: nyeupe. Mapau ya grili ni meusi, na grili yenyewe haina fremu nene ya kuitenga na bodi. Kwenye rangi nyeupe au ya njano, mpaka kati ya weusi na bodi unakuwa mkali, na figo zinasimama kama zilivyo. Kwenye nyeusi, kijivu kilichokolea au buluu iliyokolea, mpaka unafifia na jicho linahamia kwenye taa. Kubandika stika ya rangi iliyokolea gari zima kutabadilisha uso kuliko pambo lolote la kununua.

Chagua filamu ya kumiminwa, si ya kubanwa kwa roli, kwa kuwa ya kubanwa hukumbuka umbo lake la awali na hujikunja kwenye mabonde. Bodi ioshwe, ikauke, halafu ipanguswe kwa alkoholi ya isopropili mpaka kitambaa kitoke safi. Chumba kiwe hakina vumbi wala upepo. Penye bonde, fundi asiivute filamu kwa nguvu ili ifike. Aipashe joto, ailaze bila mvuto, kisha kingo na mabonde ayapashe tena mwishoni, kwa kawaida nyuzi 90 hadi 110 kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji wa filamu. Hatua hiyo ya mwisho ikiachwa, filamu inajivuta, na utaiona inanyanyuka kwanza kwenye pembe za bampa, karibu na grili, palepale usipotaka.

Mambo mawili usiyakubali. Filamu ya kromu au yenye chembe za chuma mbele ya radar inavuruga mawimbi yake. Filamu juu ya sensa za kuegesha inazuia utando wake kutetemeka, na gari litapiga kelele bila kitu mbele, au litanyamaza kukiwa na ukuta. Kata duara kuzunguka sensa. Na kama bampa limepakwa rangi upya, acha rangi ikomae wiki kadhaa kabla ya kubandika, la sivyo siku ya kubandua itaondoka na stika.

Kibao cha namba nacho kina sehemu yake. Kwenye M3 kinakaa katikati, juu ya figo zenyewe, na kibao cheupe kinakata weusi vipande viwili. Kama sheria ya mahali unapoendeshea inaruhusu kukisogeza pembeni, tumia kishikio kinachofungwa kwenye tundu la ndoano ya kuvutia gari, bila kutoboa bampa. Hakikisha hakikingi sensa ya kuegesha iliyo karibu.

Ninyi mnaoipenda Panamera mmesahau ile ya kwanza? Kama M3 ina pua, Panamera ilikuwa na kibyongo. — Msomaji mwenye hasira

Hatujasahau, na tunaishughulikia kwa mizani ileile. Panamera ya kwanza ya Porsche, ya msimbo 970, ilionyeshwa Shanghai mwaka 2009. Urefu milimita 4,970, upana 1,931, kimo 1,418, na kati ya ekseli mbili milimita 2,920. Ukiipima kwa namba inapita mtihani. Kipimo chetu ni hiki: chukua kipenyo cha gurudumu pamoja na tairi, uone kinaingia mara ngapi. Tairi la mbele la 255/40 kwenye rimu ya inchi 20 lina kipenyo cha milimita 712. Kimo cha gari ni magurudumu mawili kamili, na nafasi kati ya gurudumu la mbele na la nyuma ni magurudumu 3.1. Hizo ni namba za gari la michezo. M3 G80, kwa tairi la mbele la 275/35 la inchi 19 lenye kipenyo cha milimita 675, inapata kimo cha magurudumu 2.1 na nafasi ya 3.2. Kwa kipimo hiki Panamera imekaa chini kuliko M3.

Kilichoiharibu ni mahali paa linapoanza kushuka. Kwenye 911, gari la michezo la Porsche, upinde wa paa unafika kileleni karibu na kichwa cha dereva, kisha unateremka polepole mpaka nyuma. Hakuna mtu mzima anayetakiwa kukaa wima chini ya mteremko ule. Panamera ilitakiwa kubeba watu wazima wawili nyuma, kila mmoja kwenye kiti chake, na vichwa vyao vikawa na nafasi ya kutosha. Paa likabidi libaki juu mpaka lipite vichwa vyao, ndipo lishuke kwa haraka. Upinde wa 911 ulivutwa juu ya gari ambalo kilele chake kiko nyuma zaidi, na uzito wote wa macho ukaangukia magurudumu ya nyuma. Namba za ubavu haziwezi kukuonyesha hilo. Piga picha ya ubavu, weka rula juu ya paa, utafute kilele kiko wapi ukilinganisha na nguzo ya katikati ya milango.

Porsche walilirekebisha kwenye kizazi cha pili, msimbo 971, kilichozinduliwa Berlin mwaka 2016. Kimo cha gari kiliongezeka milimita tano, lakini paa upande wa nyuma lilishushwa milimita 20 bila kuwabana abiria. Nafasi kati ya ekseli iliongezeka milimita 30, na urefu ukafika 5,049. Milimita 20 zinaonekana kidogo kwenye karatasi; kwenye ubavu zilimaliza mjadala uliodumu tangu 2009. Anayetafuta Panamera ya mtumba kwa ajili ya umbo aanzie kwenye 971. Anayependa 970 ajue kwamba mgongo wake hauna dawa. Paa halibadilishwi, na spoila ya kuongeza nyuma inaunyanyua mkia na kuufanya ule mgongo uonekane mzito zaidi.

BMW 7 Series ya 2001 nayo ilitukanwa. Leo naiona nzuri. Je, M3 nayo itazoeleka? — Mpenzi wa saluni kubwa

E65, yaani hiyo 7 Series ya 2001, ilitukanwa kwa buti lake: kifuniko kilikaa juu ya mabega ya fenda za nyuma kama kimewekwa kutoka gari jingine. Chris Bangle alikuwa mkuu wa ubunifu wa BMW, na matusi yote yalimwangukia yeye, ingawa mistari ya nje ya gari hilo ilichorwa na Adrian van Hooydonk. Mwaka 2005 BMW wenyewe waliirekebisha mbele na nyuma. Mwaka huohuo Mercedes-Benz wakatoa S-Class ya W221 ikiwa na kifuniko cha buti kilichonyanyuka juu ya mabega kwa namna inayofanana.

Buti lililonyanyuka lilikuwa na faida iliyobaki hata baada ya kelele kuisha: nafasi ya mizigo, na ukingo wa juu unaoiachia hewa vizuri nyuma ya gari. Jambo lenye kazi huigwa na wengine, na likiigwa jicho linalizoea. Figo ndefu za M3 hazijaigwa na mshindani yeyote mkubwa wa saluni za kasi, na kazi yake, kama tulivyoeleza juu, inaweza kufanywa na tundu la chini. Kwa hiyo hatutarajii zizoeleke kwa namna ileile.

Nina 3 Series ya kawaida, G20. Nataka isimame kama M3 kwa ubavu, pua ibaki yangu. Spesa za magurudumu zinatosha? — Kijana wa rimu

Zinasaidia kidogo, ila jua mpaka wake. G20 ina upana wa milimita 1,827, na M3 imeizidi milimita 76 kwa sababu fenda zenyewe zimepanuliwa. Spesa ni pete ya kuwekwa kati ya habu (kitovu cha gurudumu) na rimu: inasukuma gurudumu nje, haipanui fenda.

Anza na milimita 10 nyuma, na mbele usizidi hapo. Chagua spesa yenye kola, yaani ukingo wa duara, inayokaa juu ya habu ya gari, ili gurudumu likae katikati sawasawa bolti zinapolibana. Bolti za kiwandani ni M14 zenye uzi wa 1.25, spesa ya milimita 10 inataka bolti ndefu zaidi kwa milimita 10 zilezile. Zikiwa fupi zinashika uzi mchache na zinaweza kung'oka. Zikiwa ndefu mno zinagonga vitu nyuma ya habu. Sugua kutu yote kwenye uso wa habu kwa brashi ya waya, kwa kuwa chembe moja iliyobaki inalifanya gurudumu likae pembe na usukani utatetemeka kwenye mwendo mkubwa. Kaza kwa mpangilio wa nyota, gari likiwa chini, kwa spana ya torki mpaka Nm 140, halafu kagua tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kabla ya kutoka, pakia watu wawili nyuma na uzungushe usukani mpaka mwisho kila upande. Tairi likigusa kingo ya ndani ya fenda, rudi kwenye spesa nyembamba. Kukunja kingo ile kunaipasua rangi, na kutu huanzia hapohapo.